Baridi ya Mbeya Haizuii Jua: Madoa ya Uso, Krimu na Asidi

Mgeni anayepanda Mbeya kutoka Dar es Salaam huja na sweta, kwa kuwa ameambiwa habari za baridi, lakini ni nadra aje na kofia. Hakuna aliyemwambia kwamba mji huu uko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwamba Njombe inakaribia mita 2,000 na Uwanda wa Kitulo unafika mita 2,600, na kwamba kwa kila mita 1,000 anazopanda mtu, miale ya urujuanimno inayomfikia usoni huongezeka kwa asilimia 10 hivi, kwa sababu hewa ya kuichuja imepungua. Joto halimo katika hesabu hii. Miale hiyo haihisiki kama moto wa jiko unavyohisika, na ndiyo maana mkulima wa viazi wa Umalila anaweza kulima mchana kutwa mwezi Julai, anga ikiwa nyeupe, amevaa koti, huku uso wake ukipokea jua kali kuliko la mtu anayetokwa jasho Kariakoo.

Nimeanza na jua kwa makusudi. Watu wanaoniuliza habari za madoa ya uso, na ni wengi tangu madoa yangu yalipopungua, huanza na krimu: ni ipi, inauzwa wapi, ina nguvu kiasi gani. Jua hulitaja mwishoni, au hawalitaji kabisa.

Madoa yangu yalianza nikiwa na ujauzito wa mtoto wa pili. Yalikuwa mabaka ya kahawia yaliyotanda kwenye mashavu yote mawili kwa namna ya kufanana, yakagusa paji la uso, kisha yakashuka juu ya mdomo kiasi cha kunifanya nionekane nina masharubu. Nilielezwa sababu za kila aina. Jirani alisema ni baridi iliyonipiga. Shangazi yangu wa Njombe alisema ni damu chafu, na mtu mwingine akasema ini limechoka. Baada ya kujifungua yalififia kidogo, nikaanza vidonge vya uzazi wa mpango, yakarudi yakiwa yamekolea kuliko mwanzo. Daktari wa ngozi aliyeniona aliniuliza habari za vidonge hivyo kabla hata sijakaa vizuri kwenye kiti. Alisema jina la hali hii ni melasma, na kwamba homoni za ujauzito na za vidonge ni miongoni mwa vichochezi vyake vinavyojulikana zaidi, pamoja na jua na urithi wa familia.

Ili kuelewa kwa nini matibabu yake ni ya polepole, inabidi kujua kinachotokea ndani ya ngozi. Rangi yetu, yaani melanini, hutengenezwa na seli maalumu zinazokaa chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi. Idadi ya seli hizo haitofautiani sana kati ya mtu mweusi na mtu mweupe. Kinachotofautiana ni wingi, ukubwa na mpangilio wa chembe za rangi zinazotengenezwa. Kazi hiyo husimamiwa na kimeng'enya kiitwacho tairosinesi, ambacho hakiwezi kufanya kazi bila madini ya shaba. Rangi ikishatengenezwa hufungwa katika vifuko vidogo sana, kisha hugawiwa kwa seli za jirani, na huko hukusanyika juu ya kiini cha seli kama mwavuli, kukikinga kiini hicho na miale ya jua. Kwa maneno mengine, doa jeusi ni ulinzi uliozidi kipimo.

Seli hizo hazichochewi na jua peke yake. Huchochewa na homoni, kama ilivyokuwa kwangu, na huchochewa pia na jeraha au mwako wowote wa ngozi. Chunusi ikipona kwa mtu mwenye ngozi yetu huacha alama nyeusi inayoweza kukaa miezi mingi kuliko chunusi yenyewe; vivyo hivyo upele uliokunwa, kovu la moto, hata nyusi zilizotolewa kwa nta ya moto kupita kiasi. Hii si melasma, ingawa zote mbili huitwa madoa sokoni na huuziwa chupa ileile. Mwaka 1975 Thomas Fitzpatrick, daktari wa ngozi wa Marekani, alipanga ngozi za watu katika madaraja kulingana na jinsi zinavyoitikia jua; madaraja hayo baadaye yakawa sita, na wengi wetu tuko katika la tano na la sita. Watu wa madaraja hayo hawaungui jua kwa urahisi, lakini ngozi zao zikikasirishwa kwa namna yoyote hujibu kwa kumwaga rangi.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka lieleweke. Tiba yoyote ya madoa inayoichoma ngozi ya mtu mweusi inaamsha kilekile kilicholeta doa. Kwa hiyo swali la nguvu, ambalo ndilo la kwanza dukani, limekaa vibaya tangu mwanzo. Dada aliyekuwa akinihudumia katika saluni moja hapa mjini aliwahi kunishauri kwa moyo mweupe kabisa, huku ameshika kichupa kisicho na maandishi: "Dada, hii ikikuwasha ujue inafanya kazi." Daktari, wiki chache baadaye, aliniambia kinyume chake: "Mama, siku uso wako ukiwaka, acha kila nilichokupa, uje tuonane."

Kuonana na daktari wa ngozi katika nyanda za juu si jambo jepesi. Wataalamu hawa ni wachache nchini, na wengi wao wamepitia kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, mwaka 1992, ambacho hufundisha pia matabibu kutoka nchi nyingine za Afrika. Mtu wa Makete au Ludewa anaweza kusafiri siku nzima kumfikia mmoja wao. Hata hivyo safari hiyo ina maana, kwa kuwa si kila baka usoni ni melasma. Zipo dawa, hasa za jamii ya salfa kama kotrimoksazoli, ambazo kwa baadhi ya watu huacha doa jeusi la mviringo mahali palepale kila zinapomezwa, na doa hilo haliondoki kwa krimu yoyote mradi mtu anaendelea kuzimeza. Upo ugonjwa wa lupasi, ambao hutoa mabaka mashavuni na huchukia jua vilevile, lakini unaweza kushika figo. Ipo choa, ambayo ikipakwa krimu ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza mwako wa ngozi, hubadilika sura na kusambaa hata isitambulike. Daktari wangu aliuliza habari za dawa zote nilizomeza mwaka huo, akanitazama masikio na kichwa, ndipo akarudi kwenye mashavu.

Alinieleza pia habari za kina. Rangi iliyo katika tabaka la juu huwa ya kahawia, na hii ndiyo inayotibika zaidi, kwa sababu tabaka hilo hujivua na kujijenga upya kwa muda wa mwezi mmoja hivi kwa kijana, na zaidi ya hapo kadiri umri unavyokwenda. Rangi iliyodondokea tabaka la chini huelekea rangi ya majivu, na huko krimu haifiki kwa kiasi cha maana. Wengi wetu tuna mchanganyiko wa zote mbili. Kutokana na maelezo hayo mtu anaweza kupiga hesabu mwenyewe: krimu inayofanya kazi kwa uaminifu haiwezi kuonyesha matokeo ya kueleweka kabla ya miezi miwili au mitatu, na yeyote anayeahidi uso mpya ndani ya siku saba anauza kitu cha aina nyingine.

Krimu niliyopewa kwanza ilikuwa ya asidi ya azelaiki ya asilimia 20, ya kupaka asubuhi na jioni. Asidi hii hupatikana kwa kiasi kidogo katika ngano na shayiri, na hutengenezwa pia na kuvu wadogo wanaoishi juu ya ngozi ya binadamu. Wanasayansi waliifuatilia baada ya kuona kwamba watu wenye maambukizi ya kuvu hao hubaki na mabaka yaliyopauka. Huizuia tairosinesi, na inaonekana kuzilenga zaidi seli zilizochachamaa kuliko zile zinazofanya kazi yake kwa kawaida, hivyo ngozi iliyozunguka doa haipauki. Wiki za mwanzo huwasha kidogo na kutekenya. Faida yake nyingine, ambayo kwa melasma si ndogo, ni kwamba madaktari huihesabu kuwa salama kwa mjamzito, jambo lisiloweza kusemwa kuhusu dawa iliyofuata.

Dawa hiyo ni tretinoini, jamaa wa vitamini A, niliyoanza kwa kiwango cha chini cha asilimia 0.025, usiku tu, na si kila usiku. Huharakisha kujivua kwa tabaka la juu na kuzitawanya chembe za rangi. Mjamzito haitumii. Inakausha, inabandua pembeni mwa pua na mdomo, na katika upepo wa Juni na Julai, ambao hapa kwetu hupasua midomo hata ya mtu asiyepaka chochote, inaweza kugeuka kuwa chanzo cha madoa mapya. Ushauri niliopewa ulikuwa kuipaka kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, juu ya mafuta mazito ya kulainisha, na kupumzika mara ngozi inapoanza kuwaka. Niasinamidi, ambayo ni vitamini B3 ya kupaka, ilikuja baadaye. Yenyewe haizuii rangi kutengenezwa bali hupunguza kugawiwa kwake kwa seli za jirani, na kwa ngozi yangu ndiyo iliyokuwa na adabu kuliko zote.

Sasa niseme kuhusu haidrokwinoni, dawa ya kupaka inayopunguza rangi ya ngozi, kwa kuwa mjadala wake hapa nchini huenda upande mmoja. Ni dawa ya kweli. Mwaka huohuo wa 1975 Albert Kligman na Isaac Willis wa Marekani walichapisha mchanganyiko wa haidrokwinoni ya asilimia 5, tretinoini ya asilimia 0.1 na steroidi iitwayo deksamethasoni ya asilimia 0.1, na mpaka leo mchanganyiko wa aina hiyo, kwa vipimo vilivyopunguzwa, ndio unaopimiwa tiba nyingine za melasma. Toleo lililoidhinishwa Marekani mwaka 2002 lina haidrokwinoni ya asilimia 4 na steroidi laini zaidi, na liliidhinishwa kwa matumizi ya muda mfupi, wiki nane, chini ya macho ya daktari. Mpaka huo wa muda ndio uzito wa jambo lote.

Katika mwaka huo wa 1975 pia, huko Afrika Kusini, daktari aitwaye Findlay alieleza hali aliyoiona kwa wanawake weusi waliotumia krimu za haidrokwinoni kwa miaka: ngozi ya mashavu ilikuwa imegeuka rangi ya samawati iliyoiva kuelekea weusi, ikiwa na vipunje vidogo vya kukwaruza. Inaitwa okronosisi. Ubaya wake ni kwamba hujitokeza palepale panapopakwa zaidi, yaani juu ya doa, hivyo mwenye uso huona doa limekaidi na kuongeza krimu. Hakuna tiba yake ya kutegemewa. Afrika Kusini iliiondoa haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990, Tanzania nayo imeipiga marufuku katika vipodozi, na Marekani, iliyochelewa, iliacha kuiuza bila cheti cha daktari mwaka 2020.

Mkorogo unaouzwa mitaani una mambo hayo yote bila kipimo wala mpaka wa muda. Mara nyingi kinachotoa weupe wa haraka ni klobetasoli, steroidi iliyo katika kundi la kali kuliko zote za kupaka, ambayo hospitalini hutolewa kwa wiki chache kwa ajili ya magonjwa magumu ya ngozi na huwa haipakwi usoni. Ikipakwa miezi, ngozi hukonda mpaka mishipa ionekane, nywele ndogo huota, chunusi ndogo hutapakaa, na siku mtu akiacha uso huvimba na kuwaka moto, akarudi kuipaka ili apate nafuu. Wengine huchanganyiwa zebaki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliripoti wanawake waliougua figo, protini ikivuja kwenye mkojo, ambao wengi wao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zaidi ya miaka arobaini baadaye Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ukaweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza, kuingiza na kuuza nje vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni. Zebaki huwa haiandikwi kwenye kopo. Udhibiti wa vipodozi ulitoka mamlaka ya chakula na dawa ukahamia TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, mwaka 2019, na taarifa za kukamatwa na kuteketezwa kwa vipodozi vyenye viambata sumu husikika mara kwa mara, lakini nchi yenye mipaka kama ya Tunduma na Kasumulu, ambako watu na mizigo hupita usiku na mchana, haiwezi kulinda nyuso za raia wake kwa makarandinga peke yake.

Simcheki anayetumia mkorogo. Nimefanya kazi katika ofisi ambamo binti mwenye madoa huulizwa na kila anayepita, "Umefanya nini usoni?", na najua uzito wa swali hilo likirudiwa kwa mwezi mzima. Ninachokataa ni muuzaji anayejua kilichomo.

Kuhusu asidi, nilipofikia miezi kadhaa ya krimu na madoa yakawa yamepungua kisha yakagoma, daktari alikubali kuongeza kumenya ngozi kwa kemikali. Jambo hili ni la zamani kuliko saluni zinavyodhani: daktari Mjerumani Paul Gerson Unna alieleza mwaka 1882 jinsi asidi ya salisiliki, risosinoli, fenoli na asidi ya trikloroasetiki zinavyofanya juu ya ngozi, na orodha yake haijazeeka sana. Kanuni ni rahisi. Asidi hulegeza au kuua tabaka fulani la ngozi, tabaka hilo hubanduka pamoja na rangi iliyomo, na jipya huota. Ugumu wote uko katika kina. Fenoli huenda chini sana, huingia kwenye damu, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na kwa ngozi nyeusi huacha mabaka meupe ya kudumu. Daktari yeyote makini hatakugusa nayo. Asidi ya trikloroasetiki ya kiwango cha juu iko karibu nayo kwa hatari. Zinazobaki kwa ajili yetu ni zile za juujuu: salisiliki ya asilimia 20 hadi 30, glaikoliki inayoanzia asilimia 20 na kupandishwa taratibu, laktiki, na mandeliki, ambayo molekuli zake ni kubwa na hivyo hupenya polepole.

Mimi nilifanyiwa kwa salisiliki. Sababu niliyopewa ni kwamba hukoma yenyewe. Glaikoliki huendelea kula ngozi mpaka ioshwe au izimwe kwa maji ya magadi ya kuokea, hivyo anayeipaka lazima awe na saa mkononi na akili yake yote iwe hapo. Salisiliki, kwa upande wake, ikikauka hubaki juu kama unga mweupe na haiendelei kupenya kwa kasi ileile. Vilevile huyeyuka katika mafuta na kuzama kwenye vinyweleo, jambo linalowafaa wenye chunusi. Daktari wa Marekani, Pearl Grimes, alichapisha mwaka 1999 matokeo ya kuitumia kwa viwango hivyo kwa wagonjwa 25 wenye ngozi ya rangi, waliokuwa na chunusi, madoa ya baada ya mwako, melasma na ngozi yenye vinyweleo vilivyopanuka, na wengi wao walipata nafuu bila madhara makubwa. Ni kundi dogo, lakini lilikuwa la watu wenye ngozi inayofanana na yetu, na tafiti za namna hiyo hazikuwa nyingi.

Maandalizi yalichukua muda mrefu kuliko tendo lenyewe. Tretinoini niliisimamisha wiki moja kabla. Niliulizwa kama hutokwa na vidonda vya homa mdomoni, kwa kuwa virusi vyake huweza kuamka kwa asidi na kutapakaa uso mzima, na mwenye historia hiyo hupewa dawa kabla. Niliulizwa kama nina ujauzito mwingine, kama nina mzio wa aspirini, kama makovu yangu huvimba. Siku yenyewe uso ulisafishwa kwa spiriti kuondoa mafuta, pembe za macho, pua na midomo zikafunikwa kwa jeli nzito ya petroli, dawa ikapakwa kwa shashi kuanzia paji la uso. Iliuma kama dakika mbili au tatu, kisha ganzi ya aina fulani ikafuata. Baada ya kuoshwa nilipewa mafuta ya kulainisha na amri ya kutobandua chochote kwa kucha. Siku ya tatu ngozi ilianza kujivua vipande vyembamba kuzunguka mdomo, nikaenda kazini hivyohivyo. Tendo lilirudiwa kila baada ya wiki tatu au nne, na kiwango kilipandishwa mara moja tu, baada ya daktari kuridhika kwamba lile la awali halikuacha giza.

Matokeo? Yapo, lakini si ya kutangazia. Alama za chunusi za kidevuni zilifutika vizuri sana. Melasma ya mashavuni ilipungua kidogo tu zaidi ya pale krimu zilipokuwa zimeifikisha, na hili ndilo wataalamu wengi husema: kwa melasma, asidi ni msaidizi wa krimu, na ikitumiwa peke yake haina sababu ya kuishinda. Ningekuwa na fedha za jambo moja, nisingezipeleka huko. Anayeniuliza kama aende kumenywa saluni ninamuuliza maswali matatu: ni asidi gani, ya asilimia ngapi, na wataizima kwa nini. Muhudumu asiyeweza kujibu hata moja hana ruhusa ya kugusa uso wa mtu, hata kama ana vyeti ukutani. Yale mafuta ya kubandua yanayouzwa katika vichupa vidogo, ambayo hupakwa kwenye vifundo vya vidole na magoti na ngozi ikatoka kama ganda, sijui mtu anayeweza kuyajibia swali la pili.

Narudi kwenye jua, kwa sababu bila hilo yote niliyoeleza hapo juu huharibika kwa mchana mmoja wa shambani. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua husimama utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Hata Juni, mwezi wa baridi kali, jua la mchana bado hupanda hadi nyuzi 58 hivi kutoka upeo wa macho, na anga ya kiangazi haina mawingu ya kulipunguza. Ushauri unaosomeka mtandaoni kwamba asidi ifanywe majira ya baridi uliandikwa na watu ambao baridi yao huja na giza. Kwetu baridi huja na anga safi. Tena, kwa kuwa tuko magharibi ya nchi na saa zetu ni moja na za pwani, jua letu hufika kileleni karibu na saa saba kasoro robo, si saa sita kamili, hivyo mapumziko ya chakula cha mchana ndiyo saa yenyewe ya hatari.

Kinga ya jua ya SPF 30, namba inayoonyesha nguvu ya kinga, huzuia asilimia 97 hivi ya miale inayounguza, na ya SPF 50 asilimia 98. Tofauti kati yao ni ndogo kuliko tofauti kati ya anayepaka ya kutosha na anayepaka tone. Kwa uso na shingo inatakiwa kiasi cha mistari miwili, kila mmoja wa urefu wa kidole, na kurudia kila saa mbili kwa anayekaa nje. Lakini kwa melasma ya mtu mweusi namba hiyo haitoshi, kwa sababu hata mwanga unaoonekana kwa macho, hasa wa upande wa samawati, hukoleza rangi katika ngozi zetu, na kinga ya kawaida isiyo na rangi haiuzuii. Kinachouzuia ni oksidi ya chuma, ambayo ndiyo inayotia rangi ya kahawia katika kinga zenye rangi ya ngozi na katika poda nyingi za msingi. Kwa hiyo ile losheni inayofanana na ngozi yako ndiyo inayokufaa zaidi, na pia haiachi uso wa kijivu, malalamiko ambayo yamewafanya wengi wetu watupe chupa nzima. Kioo cha dirisha huzuia miale inayounguza, lakini huruhusu sehemu kubwa ya ile inayokoleza madoa. Mimi nilihamisha meza yangu ofisini, na kwenye basi la Iringa huchagua upande wa kivuli kulingana na saa ya safari.

Bei ndiyo kikwazo. Kinga nzuri ni ghali, nyingi huagizwa kutoka nje, na katika maduka ya Mwanjelwa krimu za kung'arisha hupanga rafu nzima kabla hujaiona chupa moja ya kuzuia jua. Nchi hii inajua kutengeneza kinga ya jua: Kilisun hutengenezwa Moshi kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao jua ni suala la saratani na uhai, na ni haki kabisa wao watangulie. Ningependa tu siku moja ipatikane ya rangi zetu pia, kwa bei ambayo mchuma chai wa Mufindi anaweza kuilipa.

Mpaka hapo, kwa mwenye fedha kidogo, mpangilio wangu ni huu. Kofia yenye ukingo mpana au mwavuli huja kwanza, kwa kuwa hununuliwa mara moja na haimaliziki kama chupa. Kisha kuacha kila kinachowasha: limau, ambalo majimaji yake yakikutana na jua huunguza na kuacha doa jeusi zaidi, dawa ya meno juu ya chunusi, na skrabu ya sukari. Kisha kuzungumza na muuguzi wa uzazi wa mpango kuhusu njia nyingine, kama madoa yalifuata vidonge. Kisha kinga yenye rangi, kisha azelaiki. Asidi ni ya mwisho, na ni ya hiari. Mimi niliacha kumenywa muda mrefu uliopita. Azelaiki nimebaki nayo mara chache kwa wiki, na kila mwisho wa Oktoba mashavu hukolea kidogo hata hivyo, yakafifia tena mvua zikishika na mawingu yakilala juu ya mlima Loleza.